Matofali Matatu ya Njano

Novemba 4, 2006, Jumamosi
Daftari jipya, kama kila mwaka ninapowasha hita kwa mara ya kwanza. Nyuzi 34 za Fahrenheit asubuhi, mvua nyembamba kutoka upande wa ziwa. Mdogo wangu Duane alikuja na gari lake la mizigo, tukashusha makopo ya kahawa ya Baba kutoka darini hadi kwenye gereji yangu. Makopo thelathini na moja, kila moja limejaa senti hadi kwenye kifuniko. Moja nimelipima kwa mizani ya bafuni: ratili thelathini na tatu. Baba alianza kuyajaza nikiwa darasa la tano, na tangu tumzike mwezi wa nane hakuna aliyeyagusa.

Duane anataka kuyayeyusha. Shaba imepanda bei hata senti moja ya zamani ina shaba ya zaidi ya senti mbili. Kiwanda cha kusubu vyuma kilimpunguza kazi mwezi wa saba, tanuri la gesi amejitengenezea kwa pipa, na anatafuta ada ya kozi ya kuchomelea mabomba inayoanza mwisho wa Januari.

Tumepatana hivi: napitia mimi kwanza, kisha anayeyusha yeye.

"Senti laki moja na zaidi, dada? Mpaka umalize nitakuwa nakula pensheni."

"Nisaidie, basi."

"Mimi sisomi tarehe. Mimi nasikia." Akachukua senti mbili, akaziangusha kwenye bamba la chuma. Ya kwanza ililia kama kengele ndogo. Ya pili ilifanya tap, kama kifungo cha shati. "Shaba. Zinki. Nimemaliza."

Novemba 5, Jumapili
Utaratibu wangu, nisije nikajichanganya. Senti za 1981 na nyuma ni shaba: naziangalia moja moja kwa lenzi, hasa za 1972, maana chache zilipigwa chapa vibaya na herufi zake zinaonekana mara mbili. Nikishazitazama zinakwenda kwa Duane. Za 1982 ziko za aina zote mbili, kwa hiyo kila moja inapanda mizani. Za 1983 na kuendelea ni zinki iliyopakwa shaba, zinakwenda kwenye mfuko wa benki bila kutazamwa.

Novemba 14, Jumanne
Mkutano wa chama cha wakusanya sarafu, ghorofa ya chini ya kanisa. Tulikuwa saba. Niliandika kumbukumbu za mkutano. Sikusema neno kuhusu tanuri.

Novemba 18, Jumamosi
Kopo la nne limekwisha. Duane amemimina matofali manne, ratili kumi kila moja, mekundu na laini kama sabuni mpya. Naandika kila tofali na tarehe yake. Anasema yadi ya chuma chakavu inanunua kuanzia ratili mia mbili.

Novemba 23, Alhamisi
Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mdogo, watu wawili. Duane alichukua mguu mzima akaniuliza kama nitaupitia kwa lenzi kwanza.

Desemba 2, Jumamosi
Theluji ya kwanza. Stoo ya idara ya barabara, ninakofanya kazi, tumetoa tani arobaini za chumvi ya kumwaga barabarani. Macho yananiuma. Kopo la nane.

Desemba 12, Jumanne
Mkutano. Mwenyekiti wetu ni Orville Hutchins, aliyesambaza barua mji huu kwa miaka thelathini na mitatu. Leo amekasirika. Amesikia watu wamenunua mashine za kuchambua senti kwa maelfu na wanangoja tu bei izidi kupanda.

"Hawatazami," alisema. "Wanasukuma kila kitu chunguni. Baada ya miaka kumi mtoto hatapata senti ya kujaza ubao wake wa kupangia sarafu."

Fern Lachance, anayezungusha mashine yake ya mkono ya kubonyeza senti kwenye maonyesho ya kiangazi, akasema, "Orville, kunywa kahawa yako. Mishipa ya shingo imekutoka."

Niliandika maneno ya Orville kwenye kumbukumbu. Mkono wangu ulinukia shaba. Nadhani kila mtu pale aliisikia harufu hiyo, ila pale kila mkono unanukia shaba.

Desemba 14, Alhamisi
Nyuzi 41, joto la ajabu. Saa nne asubuhi redio ya stoo ilitangaza. Kuanzia leo ni kosa kuyeyusha senti na sarafu za senti tano, na ni kosa kuzitoa nje ya nchi kwa wingi. Faini hadi dola elfu kumi, kifungo hadi miaka mitano, au vyote. Msafiri anaruhusiwa za dola tano mfukoni. Wananchi wamepewa mwezi mmoja kutoa maoni.

Nilimpigia Duane wakati wa chakula cha mchana.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umezima tanuri."

"Tanuri ni langu, dada. Nalizima nikitaka."

"Duane."

"Nina matofali kumi na saba. Zimebaki ratili thelathini tu. Thelathini."

"Hakuna kilichobaki. Imeisha leo asubuhi."

Alikata simu. Naandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuuandikia: nilifurahi. Wiki sita nimekuwa nikimkabidhi senti za Baba kopo baada ya kopo, na kila zilipotoka mikononi mwangu nilihisi kama ninamtuma mtu hospitali mbaya. Leo serikali imesema basi, na sikulazimika kulisema mimi. Baadaye furaha ikatoka na wasiwasi ukaingia. Namjua Duane. Ukimwambia kitu kimebaki kidogo halafu umkataze, hasikii katazo, anasikia neno "kidogo" tu.

Desemba 15, Ijumaa
Kopo la kumi na mbili halipo kwenye rafu. Huenda nilihesabu vibaya. Sijawahi kuhesabu vibaya.

Desemba 16, Jumamosi
Duane hakupokea simu asubuhi wala mchana. Saa tisa nilichukua supu nikaenda.

Mlango haukufungwa. Nilimkuta kwenye kochi chini ya mablanketi matatu, meno yanagongana, koti mwilini, jasho usoni.

"Mafua," alisema.

Nilipitia jikoni nikafungua mlango wa gereji. Kila kitu kilikuwa cheupe: benchi, zana, kioo cha gari, utando wa buibui kwenye pembe. Kama mtu aliyepasua gunia la unga. Tanuri lilikuwa bado vuguvugu. Kopo la kumi na mbili lilikuwa tupu, limelala kwa ubavu. Na sakafuni, matofali matatu. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa ya njano, kama siagi, na uso wake umejaa vitobo.

Nilirudi nikakaa kwenye meza mbele yake.

"Mafua hayapaki gereji chokaa."

Alifumba macho. "Ni homa ya moshi wa zinki. Kiwandani tulikuwa tunaipata. Kesho itakuwa imekwisha. Nipe maziwa."

"Maziwa yanasaidia?"

"Hayasaidii. Wazee wa kiwanda walikuwa wanakunywa maziwa, na mimi nakunywa maziwa."

Nilimpa. Alikunywa nusu, nusu ikamwagika kwa kutetemeka. Nilishika kikombe kama nilivyokishika mama alipokuwa zamu ya usiku na Duane ana miaka minne.

"Hukuziangusha kwenye bamba? Zinki yote ile uliiweka chunguni?"

"Kuangusha senti elfu tano ni siku nzima. Nilitaka nimalize kabla hujaja."

"Ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi."

Leo ni tarehe kumi na sita. Sheria ni ya tarehe kumi na nne. Sikulazimika kutumia vidole.

"Na sikuwa nimelipitia kopo hilo," nilisema. "Kama ndani yake ilikuwamo ya sabini na mbili yenye herufi mara mbili?"

Akafungua jicho moja. "Mimi nakaribia kufa, na hilo ndilo linalokuuma?"

Lilikuwa ndilo la kwanza kuniuma. Lilifika kabla ya miaka mitano ya jela na kabla ya mapafu yake. Nimekaa hapa hadi homa imeshuka, na nimekuwa nikiliwaza hilo.

Desemba 17, Jumapili
Ameamka mzima, anakohoa. Ameniona na daftari.

"Umeandika ya jana?"

"Naandika kila siku."

"Futa."

"Naandika kwa wino."

"Basi chana ukurasa, Katibu." Huniita Katibu akitaka kunichokoza. Leo hakutabasamu.

Desemba 25, Jumatatu
Krismasi. Mvua, theluji hakuna. Alinipa taa ya mezani yenye lenzi. Nilimpa glavu. Hatukuzungumzia gereji.

Januari 6, 2007, Jumamosi
Duane ameleta karatasi. Bwana Grabowski, mwenye yadi, atanunua matofali ishirini yote, lakini sasa anaogopa, anataka maandishi: kwamba yote yalimiminwa kabla ya Desemba 14, na sahihi ya shahidi. Duane ameshatia yake. Mstari wa shahidi uko wazi.

"Wewe ndiye mwenye tarehe," alisema. "Kila mtu mjini anajua ukiandika umeandika."

"Ndiyo sababu siwezi."

"Matofali matatu, dada. Matatu kati ya ishirini."

Nimemwambia aniachie nifikirie. Karatasi iko chini ya mizani.

Januari 9, Jumanne
Mkutano. Chama kinatuma maoni Washington kuunga mkono sheria. Orville alitamka, mimi niliandika: sisi wakusanyaji tunashukuru, senti za zamani zitabaki mikononi mwa watu. Aliomba pia ruhusa tubebe zaidi ya dola tano kwenda maonyesho ya ng'ambo ya mto, kwa Wakanada.

Fern aliuliza kuhusu mashine yake. "Mimi nawabonyeza watoto senti zao wapate picha ya bata. Nitafungwa kwa ajili ya bata?"

Orville alisoma kifungu hadi mwisho. Kubonyeza kwa burudani kunaruhusiwa.

"Afadhali. Nilishamwambia mume wangu ajifunze kupika."

Wote walicheka. Mimi nilipiga barua ile kwa mashine nikatia sahihi: A. Tessmer, Katibu. Sahihi ileile inayongojwa chini ya mizani.

Januari 11
Sikulala vizuri.

Januari 13
Duane alipiga simu. Sikupokea.

Januari 15
Mvua ya barafu. Nyaya zimeanguka barabara ya mto. Stoo kutwa.

Januari 17
Nyuzi 9. Alipita akasimama uani bila kuzima gari. Sikutoka. Alikaa dakika saba akaondoka.

Januari 20, Jumamosi
Nimeandika karatasi nyingine kwa mkono wangu. Matofali kumi na saba, na tarehe ya kila moja kama ilivyo katika daftari hili. Matofali matatu, Desemba 16. Nimetia sahihi. Alipokuja nikampa.

Aliisoma amesimama. Theluji ilikuwa ikiyeyuka kwenye viatu vyake, ikatengeneza kidimbwi juu ya sakafu yangu, na sikumwambia avivue.

"Unajua umeandika nini?"

"Uza kumi na saba. Matatu yaache kwangu."

"Hanunui chini ya mia mbili. Na akiiona hii anaweza kupiga simu popote. Umenifunga kwa mwandiko mzuri, Adeline."

Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu tulipokuwa watoto. Alitia karatasi zote mbili mfukoni, yake na yangu, akaenda.

Januari 21
Hakuna simu.

Januari 22
Hakuna simu.

Januari 23, Jumanne
Alikuja saa kumi jioni. Nilisikia gari likinguruma kwa uzito wa matofali nyuma, nikajua hakuuza.

Aliketi. Nilimimina kahawa. Alianza kueleza akitazama kikombe.

"Aliyapanga yote ishirini mezani. Mimi sijafungua mdomo. Akachukua msumari akakwaruza moja baada ya jingine, kisha akayatoa matatu akayaweka kando. Akaniuliza, haya ni nini? Yule mzee ana miaka arobaini kwenye vyuma, dada. Hahitaji daftari."

"Ukasemaje?"

"Nilikuwa na karatasi yangu mkono huu, ya kwako mkono huu." Alikohoa, kikohozi kilekile cha Desemba. "Ile ya kwangu ingekuwa na jina lako, tungekuwa waongo wawili mbele ya msumari. Nikampa ya kwako."

"Halafu?"

"Akaisoma mpaka mwisho. Akanirudishia. Akasema: peleka yote nyumbani, kijana, hata yale mazuri, mimi sikukuona. Mtu wa miaka arobaini na tisa, dada, ananiita kijana."

"Atapiga simu?"

"Sijui."

Kozi inaanza Jumatatu ijayo. Ada hana.

Januari 31, Jumatano
Gari jeupe limeegeshwa mbele ya nyumba ya Duane tangu saa mbili. Alinipigia kazini, sauti chini. Mtu ana kofia na ubao wa kuandikia. Niliacha stoo, nikaendesha maili sita kwenye barafu, na njiani nilikuwa nikipanga maneno: kwamba mimi ni mkubwa, kwamba makopo yalikuwa kwangu, kwamba nilijua. Nilipofika mtu yule alikuwa amepiga goti kwenye theluji akisoma mita ya gesi.

"Mmetumia gesi nyingi Novemba na Desemba," alituambia.

"Baridi," alisema Duane.

Februari 5
Nyuzi 4 chini ya sifuri. Hakuna aliyekuja.

Februari 13, Jumanne
Mkutano, watu watano, dhoruba inakuja. Orville alieleza sarafu ambayo angependa kuiona kabla hajafa. Mwaka 1982 walipohama kutoka shaba kwenda zinki, visahani vichache vya shaba vilibaki ndani ya mashine, vikapigwa chapa ya 1983. Zinazojulikana ni chache sana, na moja inaweza kununua gari.

"Mtu wa tarehe ataitupa," alisema, "kwa sababu anajua 1983 ni zinki. Mtu wa kuyeyusha ataichoma, kwa sababu inalia. Adeline, wewe za themanini na tatu unaziangusha mezani?"

"Ndiyo," nilisema.

Ni uongo wa kwanza niliowahi kusema katika ukumbi ule.

Februari 14, Jumatano
Shule zimefungwa, inchi kumi za theluji. Nimefungua kurasa za nyuma. Tangu Novemba nimerudisha benki mifuko kumi na mmoja. Sikuangusha hata senti moja. Msimu mzima nimemtazama mdogo wangu kama mtu anayechoma mali ya Baba, na yeye alichoma zile tu nilizompa, isipokuwa kopo moja. Mimi nimegawa bila kutazama, kwa miadi, na kuchukua stakabadhi.

Labda haikuwemo. Sitajua. Sikuwa nimefikiri kwamba mwenye kutojua ningekuwa mimi.

Machi 3, Jumamosi
Duane ameuza pikipiki yake ya theluji. Darasa jingine linaanza Mei. Matofali yote ishirini yako nyuma ya gari lake badala ya mifuko ya mchanga, gari lisiteleze. Anasema hajawahi kuwa na tairi zinazoshika hivi.

Machi 13
Mkutano. Nimewaambia Orville na wengine kwamba za 1983 sikuziangusha. Sikusema zaidi. Orville alisema, "Hata mimi nilianza mwaka jana tu."

Machi 22
Barafu ya mto imekatika. Kelele kutwa.

Aprili 16, Jumatatu
Sheria kamili imechapishwa leo. Ya muda imekuwa ya kudumu, faini ileile, miaka ileile. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno kuhusu yaliyokwisha kumiminwa. Hakuna. Nilimsomea Duane kwa simu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna aliyekuja, na sijui kama atakuja."

"Dada, ukiendelea kungoja utamwita mwenyewe."

Aprili 21, Jumamosi
Nyuzi 68, madirisha wazi. Nimemwomba Duane aje na bamba la chuma. Mfuko wa kumi na mbili wa benki ulikuwa tayari, umefungwa, na lebo yangu: 1983 na kuendelea. Niliukata kamba nikamwaga mezani.

"Hizi si za kuyeyusha," nilimwambia.

"Hata zingekuwa. Mimi sina gesi wala mapafu." Akavuta kiti.

Tulianza saa tatu. Yeye anaangusha, mimi nachukua iliyoanguka. Tap. Tap. Tap. Ana mkono wa haraka na kichwa ameinamisha upande mmoja kama ndege, kama Baba alivyokuwa akisikiliza injini. Sikuwahi kuliona hilo kwake. Miezi sita niliyakodolea macho yale aliyoyafanya tanurini, sikumtazama anavyosikia.

Ilipofika kama saa tano moja ililia.

Aliganda. Akaiokota akaiangusha tena. Ililia tena, ndefu, wazi, hata mbwa wa jirani aliacha kubweka.

"Tarehe?" alisema.

Nilisoma kwa macho. "Elfu moja mia tisa themanini na tatu."

Niliiweka kwenye mizani. Gramu tatu nukta moja. Zinki ni mbili na nusu. Nilifikiria ada ya kozi. Nilifikiria mifuko kumi na mmoja. Nilifikiria uso wa Orville.

"Weka chini ya taa," alisema Duane, sauti haikuwa yake.

Niliivuta taa aliyonipa Krismasi. Senti ilikuwa imechakaa, ina doa jeusi ubavuni. Nilitazama tarakimu ya tatu. Niligeuza. Nilitazama tena, muda mrefu, kwa sababu sikutaka kuinua kichwa.

"Duane."

"Ni yenyewe?"

"Ni sitini na tatu. Doa limeufunga mdomo wa sita."

Alinitazama. Alitazama lebo ya mfuko, kwa mwandiko wangu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi.

"Katibu," alisema alipoweza kupumua. "Sitini na tatu. Kwenye mfuko wa zinki. Andika hiyo. Andika kwa wino."

Naiandika. Nilikosea mara moja ninayoijua, na ni sikio lake lililoigundua.

Nilimpa senti aiweke kando, nikidhani ataitia mfukoni kwa kumbukumbu. Alinishika mkono, akaiweka kiganjani mwangu, akakifunga.

"Kaa nayo wewe. Kwangu si salama," alisema. "Na sasa kuitunza ni sheria."

Kisha akavuta rundo lililobaki, akainamisha kichwa. Tap. Tap.